Fuga Kuku, Jogoo Abaki Ushago

Ploti za Runyenjes vyumba vimeshikana ukuta. Jogoo akiwika saa kumi alfajiri, ameamsha watu wote. Basi asiletwe! Kuku hutaga bila jogoo. Yeye ni wa vifaranga tu. Kelele za kutaga ni za mchana, dakika chache, hazina noma.

Kitakachokupa notisi ni harufu. Mvua ya Machi hadi Mei ikilowesha kinyesi, mwenye ploti ataisikia kabla hujala yai. Kuku wanne watosha. Paa lisivuje, tandaza vumbi la mbao kavu, likilowa toa, wapelekee wenye kahawa. Chanjo ya Newcastle usiruke.

Na mama wa mlango wa pili mwambie mapema. Utamficha kuku wapi hapo?