Kabla ya kufunga tanga, tukague kamba

Uhaba wa mafuta uliotubana hapa Bujumbura, hasa mwaka 2023 na 2024, umeleta mazungumzo mapya ufukweni. Mashine za boti zilipolala bila petroli, wavuvi walirudia makasia, na waliochoka na makasia wakaanza kuulizana: kwa nini tusifunge tanga? Upepo hauna foleni wala haununuliwi kwa magendo.

Kwa asiyekijua chombo chenyewe, wavuvi wetu wengi wa ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, hutumia mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti iliyokingamishwa juu yake. Wavu hushushwa katikati, taa zinawashwa, samaki wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Kazi hii ni ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika. Mfanyabiashara mmoja, jirani yangu wa Buyenzi, amekwenda mbali zaidi. Alinionyesha kwenye simu picha ya trimarani ya kukunjwa: mtumbwi mkubwa katikati, midogo miwili pembeni, na mikono inayokunjika ili chombo kizima kipande trela kikavutwe na gari. Anataka fundi amtengenezee mfano wake kwa mbao.

Sina ugomvi na tanga wala na mitumbwi mitatu. Ngalawa ya pwani ni ya ukoo huohuo, mtumbwi wenye vielea viwili, na imelisha watu miaka mingi kabla ya mashine. Hata chombo cha vipande si kigeni katika ziwa hili. Stanley alilizunguka mwaka 1876 kwa boti yake, Lady Alice, iliyobebwa vipandevipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Meli ya Liemba nayo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa makasha na kuunganishwa upya Kigoma. Ninachogombana nacho ni kile ambacho hakuna anayekitaja katika mazungumzo haya yote, yaani maungio.

Nitaeleza kwa nini kinanikera. Juni 2023 mtoto wa dada yangu alikuwa kibarua kwenye chombo kimoja kilichokuwa kikivua mbele ya Kabezi. Saa tisa usiku upepo wa kusini ulichafuka. Kamba ya mti wa mbele ikaachia, mitumbwi ikaanza kutanuka kama mkasi, wavu ukavuta upande mmoja, na mtumbwi mmoja ukajaa maji. Walikuwa sita, na hakukuwa na jaketi la kuokolea hata moja. Watano walishikilia mtumbwi uliobinuka mpaka alfajiri, wavuvi wengine wakawaona. Wa sita alijaribu kuogelea kufuata taa za nchi kavu. Tulimpata siku ya tatu. "Mjomba," aliniambia kijana wetu, "taa zilionekana karibu."

Tajiri wa chombo alisema ni kazi ya Mungu. Mimi niliikamata ile kamba mkononi. Ilikuwa ya nailoni, imepauka, na nilipoisugua ilitoa unga. Jua la mwinuko huu, mita zaidi ya 770 kutoka usawa wa bahari, linakula nailoni kimyakimya. Isitoshe, nailoni ikilowa hurefuka. Fundo lililokazwa mchana ufukweni hulegea usiku majini. Wavu ulikuwa mpya wa mwaka uleule.

Hapa ndipo tanga linaponitia wasiwasi. Mtumbwi mmoja ukipigwa na upepo huinama, na kule kuinama ni onyo: mwenye tanga analegeza. Chombo kipana hakiinami haraka. Nguvu yote ya upepo inaingia kwenye miti na vifungo, na aliyekaa ndani anaona mambo shwari mpaka kitu kikatike. Kikipindukia juu chini, hakirudi chenyewe. Ule upana uliokifanya imara kikiwa wima ndio unaokifanya kiwe imara kikiwa kimelala kifudifudi.

Hao wenye trimarani za kukunjwa wanalijua hilo. Aliyezipa sifa duniani ni Ian Farrier, mzaliwa wa New Zealand, na chombo chake cha F-27 kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1985. Ni vyepesi na vina kasi, lakini mikono ile haiaminiwi kwa macho. Bolti zinakazwa kila chombo kinapokunjuliwa, kabla ya kuondoka, na pale chuma kinapoingia kwenye tumbo la chombo hutazamwa kama kuna ufa. Jirani yangu ameipenda picha. Nilipomuuliza bolti zake zitakuwa za chuma gani, alicheka.

Kwa chombo chetu cha mbao ukaguzi hauhitaji mhandisi. Kamba ifunguliwe, si kutazamwa juujuu. Sehemu iliyofichwa chini ya fundo ndiyo inayooza. Mti uchomwe kwa ncha ya kisu pale inapokaa kamba, maana maji ya mvua hutuama hapo, na maji baridi huozesha mbao upesi kuliko ya chumvi. Kalafati itazamwe. Madumu matupu yaliyofungwa vizibo yafungwe ndani ya kila mtumbwi, ili ukijaa maji usizame. Na anayetaka tanga aanze na dogo, alipunguze mapema upepo unapoanza, tena kamba ya kuliongoza aishike mkononi, asiifunge kwenye mti akalala. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unaweza kusukuma mawimbi kwenye ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, nasi tuko mwisho wake wa kaskazini, tunayapokea. Chombo kikipinduka, watu wabaki nacho.

Kuna tatizo jingine ambalo si la wavuvi. Ziwa lilipopanda, hasa mwaka 2021 na tena 2024, Gatumba ilifurika na fukwe nyingi zikamezwa. Pale nilipozoea kuona mitumbwi ikivutwa mchangani na kupinduliwa kukaushwa, sasa inaachwa majini wiki nzima. Atakayeikagua ataikagua wapi? Wanaopanga ufukwe wa jiji hili, ambao kila mwaka unazidi kuzungushiwa kuta za mahoteli, wawaachie wavuvi kipande cha kupandishia vyombo.

Gharama nazo zibebwe na anayestahili. Leo tajiri ananunua wavu, taa na mashine kwa sababu vinaleta samaki. Kamba inaachiwa vibarua, wanaunga mabaki na kukazia kwa mipira ya matairi. Kamati za fukwe zinajua kuhesabu mitumbwi inapofika jambo la ushuru. Ziihesabu pia jioni, mtu mmoja apite akishika kila fundo, na chombo kisicho na jaketi kwa kila kichwa kisiondoke, hata kama ni cha mwenyekiti.

Jumamosi iliyopita nilishuka tena ufukweni. Kile chombo kimetengenezwa, kina mti mpya wa mkaratusi, na mlingoti umeshachongwa uko pembeni. Niliinama kutazama fundo la mbele. Ni kamba ileile iliyopauka, imekatwa pale palipooza na kufungwa upya.