Mafuta ya Karai na Moyo wa Mwenye Nyumba



Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, alitujia mama mmoja na swali lisilohusu twahara wala mirathi. Mumewe ana maradhi ya moyo na amekwishalazwa mara mbili. Binti yao amesoma habari za madaktari wa Marekani wanaowaachisha wagonjwa nyama, samaki, mayai, maziwa na kila tone la mafuta, na kuwalisha nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga na matunda. Mama akaanza kupika hivyo. Mavyaa wake alipofunua chungu akakuta mbaazi chukuchuku, alisema mbele ya wajukuu, "Mwanangu sasa alishwa chakula cha kifungoni." Swali la mama likawa: je, anamdhulumu mumewe? Na je, si kuharamisha alichokihalalisha Mola?

Upande wa dini hauna uzito mkubwa. Mgonjwa anayeacha nyama kwa tiba hakuiharamisha, kama vile mwenye sukari aachavyo halua bila ya kudai kuwa halua ni haramu. Kosa ni kuitakidi kwamba kuacha huko ni ibada, au kumdharau jirani anayekula. Kujitibu kumeamrishwa, na mke anayemsaidia mumewe katika hilo ana ujira wake inshaallah.

Lililotushughulisha zaidi ni kama tiba hiyo ina ukweli. Daktari Dean Ornish na wenzake walichapisha mwaka 1990 uchunguzi wa wagonjwa 48 wa moyo. Kundi moja lilipewa chakula cha mimea chenye mafuta machache mno, pamoja na mazoezi, kuacha sigara na kutuliza nafsi. La pili likafuata matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka, wastani wa kuziba kwa mishipa katika kundi la kwanza ulishuka kutoka asilimia 40.0 hadi 37.8. Katika la pili ulipanda kutoka 42.7 hadi 46.1. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini mishipa ilikuwa ikielekea njia mbili zilizo mbali. Hata hivyo, hatuwezi kusema ni chakula peke yake kilichofanya kazi hiyo.

Mkali zaidi ni Caldwell Esselstyn, daktari wa upasuaji wa Cleveland, anayekataza hata mafuta ya zaituni. Mwaka 2014 alitoa habari za wagonjwa 198. Katika 177 walioshika masharti, mmoja tu alipata kiharusi kilichohesabiwa kutokana na maradhi hayo. Katika 21 walioyaacha, 13 walipatwa na madhara. Lakini makundi hayo hayakugawanywa kwa kura. Anayeshika masharti magumu huenda pia anameza dawa kwa wakati na kutembea kila asubuhi.

Na kuhusu zaituni, mti uliotajwa kwa baraka katika Kitabu, tulipata uchunguzi mkubwa wa Uhispania, wa watu 7,447. Ulichapishwa mwaka 2013, ukasahihishwa na kutolewa upya mwaka 2018, na waliotumia mafuta safi ya zaituni walipata mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa uchache kuliko wenzao. Basi hatukubali kwamba kila tone ni sumu. Lakini tuwe wakweli: ni nyumba ngapi za pwani zinazopikia zaituni? Sisi tuna karai. Mafuta yaliyokaanga bajia jana ndiyo yanayokaanga mahamri leo. Kijiko kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori 120 hivi, na kwenye karai hakuna anayehesabu vijiko.

Tukaja kwenye nazi, na hapo tunajua tutalaumiwa. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda, yanayopandisha lehemu mbaya katika damu. Kasimile juu ya mbaazi, wali wa nazi, samaki wa kupaka, kisha samli katika biriani ya Ijumaa: kwa mwenye mishipa iliyokwishaziba, ni mengi. Vitunguu hulainika kwa maji kidogo na mfuniko. Kunde, pojo, mchicha, muhogo wa kuchemsha na uji wa wimbi ni vyakula vya bibi zetu. Bizari, tangawizi, ndimu na pilipili hazina mafuta ya kuogopwa.

Yapo ya kuhadhari. Asiyekula kitu cha mnyama kabisa hana budi kupata vitamini B12 kwa vidonge. Mwenye dawa za sukari au presha amweleze daktari kabla ya kubadili chakula, maana vipimo vyaweza kushuka ghafla. Anayetumia warfarini asiongeze mboga za majani kwa pupa, kwani zinagongana na dawa hiyo. Na mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu ya chungu cha kunde.

Mama tulimwambia apike chungu kimoja kwa nyumba nzima, chukuchuku, na anayetaka tui aongeze katika sahani yake. Chungu cha pili cha "mgonjwa" ndicho kilichomtia mavyaa uchungu, kwa kuwa kilimtenga mwanawe na watoto wake. Bibi naye aombwe kuonyesha kisamvu cha zamani kilivyopikwa, atapenda kuombwa.

Alhamisi tulimkuta bwana mwenyewe barazani, baada ya Alasiri, ana sahani ya viazi karai. Alipotuona aliifunika kwa gazeti. Tulikaa naye, tukazungumza kwa muda mrefu juu ya watoto wake, na gazeti likizidi kulowa mafuta. Mwishowe akaisukuma sahani pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, "Na ukwaju, Sheikh, nao pia niuache?"

Tukamwambia ukwaju ale.