Gari la Kesho Lianzie kwenye Bei

Linapotajwa gari la spoti, wanafunzi wetu wa Busia na Malaba hugeuka mafundi wa maneno. Hubishana juu ya umbo la gari ambalo halijaundwa bado, na bei ambayo wazazi wao hawataimudu kamwe. Wapo walimu wanaoyakemea mabishano hayo. Mimi naona heri yaingizwe darasani.

Mpaka wenyewe una somo. Katika miaka ya sitini, baiskeli ziliwavusha wasafiri baina ya vituo viwili vya forodha, ndipo likazaliwa neno bodaboda. Waendeshaji hawakuunda chombo kipya. Waliweka kiti nyuma, wakatoza nauli ambayo mchuuzi aliiweza. Biashara hiyo ikaenea Afrika Mashariki nzima.

Linganisha na Nyayo Pioneer. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitakiwa kuliunda mwaka 1986, likaonyeshwa Kasarani mwaka 1990 kwa shangwe, lakini fedha za kuliunda kwa wingi hazikupatikana. Ng'ambo ya pili, Makerere ilitoa Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, mwaka 2011. Nalo halikufika sokoni.

Basi, walimu wenzangu, tuwaulize: ni nani atakayelinunua gari hilo, na ni nani atakayelitengeneza likiharibika? Atakayejibu kwa hesabu na fizikia amekwisha kuanza kulichora. Wengine watabaki kuyahesabu magari ya mitumba yakivuka Malaba kwenda Uganda.