Wasio na Kaburi

Mvuvi wa Lamu au wa Pemba akipotea, jamaa zake huijua bahari iliyomchukua. Huenda pwani, wakautazama upepo, na wazee hukisia mahali chombo kilipopotelea. Lakini mzazi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki, aliyezoea mito ya maji baridi itokayo mlimani, akiambiwa kwamba mwanawe amezama baharini, ataelekeza macho wapi? Wahenga walisema, Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Msiba wa namna hiyo uliipata Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Pili. Mapema mwezi wa Februari, 1944, meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa pamoja na meli nyingine nne kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Ilichukua watu 1,511. Karibu elfu moja walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia na wauguzi.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ikazama kabla dakika mbili hazijaisha. Wachache waliotoka walikuwa wakielea majini, na kumbe adui amejificha chini yao. Wakuu wa manowari za ulinzi, Petard na Paladin, wakawa katika shida kubwa: wakimwacha, huenda akazipiga meli zilizosalia, wakimpiga, watawaua watu wao wenyewe. Mabomu yakatupwa. Adui akazamishwa siku ile ile. Katika watu wote wa Khedive Ismail waliookoka ni 214 tu, 1,297 walipotea.

Sasa mtu atazame Nyeri. Yako makaburi ya vita, nayo hutunzwa vizuri. Liko pia kanisa la ukumbusho la Waitalia, na ndani yake amezikwa Duke Amedeo wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Italia katika Ethiopia, akafa Nairobi mwaka 1942 hali ni mfungwa. Ni jambo la heshima kwamba adui alipewa mahali pa kulala. Jamaa zake wakitaka kumzuru, wanaujua mlango.

Wale wa Khedive Ismail hawana mlango. Hukumbukwa katika mnara wa Afrika Mashariki ulio Nairobi, penye makaburi ya vita. Lakini jiwe halisemi mtu alikuwa mwana wa nani, wala alilima shamba gani kabla ya kuitwa. Hayo huyajua nyumba yake tu. Basi, kila nyumba yenye barua ya zamani au nishani ndani ya sanduku, na imwandike mwenyewe jina na habari zake, wazee wangali hai. Bahari ikishika mwili, watu wasiache jina nalo lizame.