Nani kasema bodi ya saketi lazima itoke kiwandani?

Jamani, nimekasirika. Na mimi nikikasirika huwa naandika, kwa hiyo mnivumilie.

Jumamosi nilikwenda kumsalimia mama mdogo. Nikamkuta binti yake jikoni anapiga pasi. Nikadhani ananyoosha shati. Kumbe ananyoosha saketi!

Mdogo wangu huyu yuko mwaka wa nne, anasoma uhandisi wa elektroniki katika chuo ambacho sitakitaja, maana bado hajahitimu. Saketi yake aliichora kwenye kompyuta, akaichapa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya jarida, ile inayong'aa. Wino wa printa hiyo ni unga wenye plastiki. Ukiupasha moto unayeyuka na kunata. Akailaza karatasi juu ya kipande cha bodi chenye utando wa shaba, akakandamiza pasi dakika chache, akaloweka majini, akabandua karatasi taratibu. Mistari myeusi ikabaki kwenye shaba.

Kisha akakitumbukiza kwenye beseni la plastiki lenye feriki kloraidi, maji ya rangi ya kutu. Baada ya muda shaba iliyokuwa wazi ikaliwa yote, ikabaki ile iliyojificha chini ya wino. Akafuta wino kwa asetoni, akatoboa matundu ya milimita 0.8, akaanza kulehemu.

Nikamuuliza, "Haya si mngefanyia chuoni?" Akacheka.

"Kaka, miaka minne tunachora saketi kwenye karatasi za mtihani. Mashine ya kutengenezea bodi ipo, imefunikwa kitambaa. Funguo anazo mtu mmoja, na kila siku yupo semina."

Wenzake je? Boom likitoka, wengine wanakwenda kwa fundi Kariakoo, anawaundia mradi mzima, nao wanavaa suti na kuutetea mbele ya jopo. Fundi kaishia darasa la saba, na jopo limejaa madokta. Sasa nauliza: mhandisi hapo ni nani?

Tumelishwa imani kwamba teknolojia ni kitu kinachoshuka bandarini ndani ya kontena. Basi tuangalie bodi hizi zimetoka wapi. Paul Eisler alizaliwa Vienna mwaka 1907, akahitimu uhandisi mwaka 1930. Kwa Myahudi wa Austria ya miaka ile, ajira haikuwa rahisi. Akajishikiza kwenye uchapishaji, na huko akajifunza mambo ya wino na mitambo. Mwaka 1936 akahamia Uingereza, na katika nyumba ya kupanga huko Hampstead, London, akaunda redio ambayo njia zake za umeme zilichapwa badala ya kuunganishwa waya mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba kampuni moja ilimkatalia kwa sababu kazi hiyo ilifanywa na wasichana, na wasichana walikuwa rahisi zaidi. Leo simu iliyo mfukoni mwako ina bodi ya ukoo huohuo. Ilianzia kwa mhitimu mhamiaji, kwenye chumba cha kupanga!

Najua mtakachosema. "Bwana, China wanakutengenezea bodi kwa dola chache, safi kuliko ya pasi." Kweli kabisa. Ukitaka hamsini, agiza. Lakini usafirishaji mara nyingi unazidi bei ya bodi zenyewe, na ukikosea mstari mmoja unaanza kusubiri upya. Kosa la jikoni unalirekebisha usiku huohuo. Bodi ya kwanza ya mdogo wangu picha iligeuka, miguu ya vifaa ikakataa kukaa mahali pake. Ya pili pasi ilipita juujuu, mistari ikakatika. Ya tatu ikawasha taa. Hakuna desa linalofundisha hayo.

Wengine mtasema kemikali ni hatari. Hapo ndipo hasira yangu ilipo! Feriki kloraidi inaunguza macho, inatia madoa, inakula chuma. Inataka glavu, miwani na dirisha wazi. Ikishatumika inabaki na shaba ndani yake, sumu kwa samaki, kwa hiyo haimwagwi kwenye sinki wala kwenye mtaro, maana mitaro ya Dar inaishia baharini. Mdogo wangu anajua. Maji yale kayaweka kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko, liko uvunguni mwa kitanda chake, kwa sababu hana pa kulipeleka. Binti analala juu ya taka ya kemikali wakati chuo anachokilipia ada kina maabara iliyofungwa! Kama ni hatari, si ndiyo sababu ya kumfundishia mahali penye mwalimu, hewa na utaratibu wa taka?

Mimi mwenyewe nisijifanye mtakatifu. Nilisoma uandishi wa habari miaka mitatu, nikahitimu bila kuona gazeti likichapwa. Nilifaulu vizuri tu. Ndiyo elimu yetu: unafaulu kitu ambacho hujawahi kukigusa.

Wakubwa wa vyuo, hatuombi mkopo wa Benki ya Dunia. Ondoeni kitambaa. Toeni funguo.

Na mama mdogo anaomba pasi yake.