Juu ya Kukariri Maneno Makubwa ya Kiingereza

Kulitamka neno na kulijua ni mambo mawili, na mtu aliyepata la kwanza tu amepata sauti, hajapata neno. Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa imeenea katika shule zetu za sekondari desturi ambayo walimu wengi huisifu na wazazi huilipia, nami naiona kuwa hasara tupu. Ni desturi ya kuwakaririsha vijana orodha za maneno makubwa ya Kiingereza, kwa kudhani kwamba ukubwa wa neno ndio ukubwa wa elimu.

Desturi hiyo niliikuta wilayani Kilosa. Katika shule moja, ambayo sina haja ya kuitaja, palibandikwa ukutani maneno ishirini ya juma, kila moja limewekewa mbele yake neno moja la Kiswahili. Mwanafunzi wa kidato cha nne, kijana mwenye adabu na akili, alinisomea yote bila kukosea. Alijua "commence", alijua "endeavour", alijua "ubiquitous". Nikamwomba anieleze kwa Kiingereza kazi ya babu yake, ambaye alikata mkonge miaka mingi katika mashamba ya upande wa Kimamba. Kijana akanyamaza. Kwa Kiswahili alinieleza vizuri kuliko nilivyotazamia: jinsi majani yanavyokatwa na kufungwa matita, jinsi yanavyopelekwa korona kukwanguliwa nyama yake mpaka zibaki nyuzi, jinsi nyuzi zinavyooshwa, zinavyoanikwa juani, zinavyosuguliwa kwa brashi na kushindiliwa katika marobota. Kwa Kiingereza hakuwa na neno hata moja la kulibebea jambo lolote katika hayo. Alikuwa na "ubiquitous", wala hakuwa na kitu cha kukisema kuwa kipo kila mahali.

Nauliza: kijana huyu amefundishwa au amedhulumiwa? Ile kazi ya korona inacho kitenzi chake cha Kiingereza, "decorticate", nacho ni kigumu kuliko maneno yote yaliyokuwa ukutani. Walakini kijana yule angelikishika kwa siku moja na asikisahau maisha yake, maana kitu chenyewe tayari kimo kichwani mwake, pamoja na harufu yake na jasho la babu yake. Neno jipya hukaa palipo na kiti. Orodha huleta wageni ishirini kila juma katika nyumba isiyo na kiti hata kimoja, kisha mwalimu hustaajabu kuona kwamba wameondoka wote kabla ya mtihani.

Ukitoka Kilosa ukaenda Mikumi utayakuta mambo yale yale. Hifadhi ya wanyama ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hupita katikati yake. Wapo vijana wa mji ule watamanio kazi ya kuongoza watalii, na kwa ajili hiyo hutafuta kile wanachokiita Kiingereza cha juu. Basi Kiingereza cha juu ni kipi kwa mtu asimamaye ukingoni mwa uwanda wa Mkata? Ni kujua kwamba Mwingereza humtenga mnyama alaye nyasi, kama nyumbu, na mnyama alaye majani ya miti, kama twiga. Kitendo cha wa kwanza hukiita "graze" na cha wa pili "browse". Ni kujua kwamba sisi tusemapo kundi, yeye hutaka kwanza aambiwe ni kundi la nani: la nyati ni "herd", la simba ni "pride", la mbwa mwitu ni "pack". Ni kuweza kumweleza mgeni kwamba mji umepata jina kwa mikumi, miti ile mirefu ambayo watu wa pwani huiita mivumo. Maneno haya ya Kiingereza ni mafupi, wala hayamo katika orodha, kwa sababu hayatishi. Lakini ndiyo yanayomtofautisha ajuaye na asiyejua. Mgeni aliyekuja kutazama twiga hatamheshimu kiongozi wake kwa kusema "commence" mahali pa "begin". Atamcheka moyoni, kama sisi tunavyomcheka mtu anayejaza Kiarabu katika Kiswahili chake mpaka mama yake mwenyewe hamwelewi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Ubaya wa pili wa orodha ni kwamba husema uongo. Huweka neno moja la Kiingereza mbele ya neno moja la Kiswahili, kana kwamba lugha mbili ni mizani yenye vitanga sawa. Sivyo zilivyo. Sisi huita mmea mkonge na nyuzi zake katani, ilhali Mwingereza huviita vyote viwili "sisal", jina alilolichukua katika bandari ya Sisal huko Yucatan, nchini Meksiko, ambako nyuzi hizo zilikuwa zikisafirishwa. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Yeye ana neno moja kwa vyote vitatu. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kwake wote wawili hufanya kitendo kimoja. Haki yetu moja, yeye huigawa mara mbili: ile mtu aliyo nayo na ile ambayo hakimu huitenda. Mwanafunzi asiyeonyeshwa tofauti hizi hudhani amejifunza neno, kumbe amejifunza kosa, tena kosa ambalo mwalimu ameliandika ukutani kwa mkono wake.

Msomaji asidhani kwamba maradhi haya ni yetu peke yetu. Mtu wa Karachi au Lahore, asemaye Kiurdu na kutafuta Kiingereza cha juu, naye huletewa orodha kama zile zile, neno kwa neno, na hudanganywa vivyo hivyo. Katika lugha yake neno "kal" ni jana, tena ni kesho; orodha itamweleza nini juu ya hilo? Namtaja yeye hasa kwa kuwa ni jamaa yetu. Kiurdu hakikuwa lugha ya maduka ya reli ya kati. Wenye maduka hayo wengi walisema Kigujarati na Kikachi. Lakini kamusi ya Kiurdu ni jirani ya kamusi yetu. Elimu, akili, haki, sheria, siasa, hesabu, sababu, wakati, dunia, habari, rangi na bandari, yote haya Mwurdu huyatambua asikiapo, ingawa matamshi yake ni mengine. Maneno tunayoyatumia kufikiria mambo makuu, sisi na yeye tuliyateka katika visima vile vile vya Kiarabu na Kiajemi. Basi si kweli kwamba yeyote kati yetu huja kwenye Kiingereza mikono mitupu.

Na historia ya Kiurdu ina fundisho ambalo yatupasa kulitazama. Mwaka 1918 Chuo Kikuu cha Osmania kilifunguliwa Hyderabad, nchini India, na masomo yake yalifundishwa kwa Kiurdu, hata utabibu na uhandisi. Mwaka uliotangulia, 1917, ilikuwa imeanzishwa ofisi ya tafsiri kwa kazi ya kuvigeuza vitabu vya elimu na kutafuta istilahi. Kiingereza hakikufukuzwa, kila mwanafunzi alilazimika kukisoma kama somo. Utaratibu ule ulikoma baada ya mwaka 1948, Hyderabad ilipotwaliwa na India, kwa sababu za siasa. Mwaka 1937 Abdul Haq alitoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza na Kiurdu; mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Frederick Johnson ya Kiingereza na Kiswahili. Watu wale hawakuandika orodha. Walikaa na kila neno wakaliuliza: Je, kwetu wewe ni nani? Swali hilo ndilo linalojenga msamiati, na ndilo ambalo darasa la leo halimruhusu mtoto kuliuliza.

Nayajua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema kwamba mwanafunzi hana budi kuwaza kwa Kiingereza, na kwamba Kiswahili darasani ni pingamizi. Kwa hiyo shule nyingine humwadhibu mtoto akikisema. Namjibu kwamba hakuna mtu awazaye kwa lugha asiyoijua. Tangu mwaka 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili kwa kauli ya taifa, kisha huvuka kuingia sekondari ambako hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais juu ya elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kutumia Kiswahili, pendekezo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Sitaki kuufufua ubishi wote huo hapa. Nasema tu kwamba umnyang'anyapo mtoto ngazi usimlaumu kwa kutopanda.

Wa pili atasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Namkumbusha Julius Nyerere, ambaye alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikatoka mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Hii ya pili aliiita Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno lililovuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi. Kiurdu kinalo hata leo, "beopari", kwa maana ya mfanyabiashara. Kwetu lilikuwa limekwisha kuwa jina la mwenye mali anyonyaye jasho la wengine. Kwa kulichagua, mfasiri alitoa hukumu juu ya watu wa mchezo ule. Aamuaye hivyo amelipima neno la Kiingereza na neno la Kiswahili kwa mkono mmoja, na hakuna atakayesema kwamba Kiingereza chake kilidhoofika kwa kazi hiyo.

Wa tatu atasema kwamba mitihani inataka orodha. Huyu simjibu sana. Mtihani hutaka mtoto asome swali na kuandika jibu, na orodha haimsaidii katika lolote kati ya hayo.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwalimu wa Kilosa aanze na mkonge, mpunga na reli, na wa Mikumi aanze na nyumbu na barabara, kisha ndipo atafute maneno ya Kiingereza ya vitu hivyo, yawe marefu au mafupi. Pili, kila neno lije na sentensi yake, na sentensi hiyo iletwe Kiswahili kisha irudishwe Kiingereza, ili mwanafunzi aone mahali panapobana na mahali panapopwaya. Tatu, pawepo kamusi darasani, kama ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1996, na vitabu vya hadithi vya kusomwa kwa ajili ya kuvipenda. Nne, adhabu ya kusema Kiswahili ikome. Hakuna nchi iliyojifunza lugha ya wengine kwa kuwachapa watoto wake kwa sababu ya lugha yao.

Ile karatasi ya ukutani ikibanduliwa, hakuna kitakachopotea. Mahali pake mwalimu amwite babu mmoja aliyekata mkonge, aje aeleze kazi ya korona kwa Kiswahili chake, na darasa zima lihangaike kuipeleka habari hiyo katika Kiingereza. Jioni ya siku ile watoto watakuwa na maneno machache. Lakini yatakuwa yao.