Kazi ya tovuti imo kwenye alizeti
Kijana wa Unyambwa aliyesomea usanifu wa tovuti hana sababu ya kuukimbia mji wa Singida ati kwa kuwa unaishi kwa alizeti, vitunguu, asali na kuku. Wakamuaji wa mafuta ndio wateja wake: madumu yao hupangwa kando ya barabara kuu, na mnunuzi asiyepita hapo hawajui. Watasema WhatsApp inatosha. Inatosha kwa anayekufahamu tayari. Mgeni huanza kutafuta kwenye intaneti. Ada ya kutengenezewa tovuti ni kikwazo cha kweli, basi ilipwe baada ya mavuno. Halmashauri nayo, inayotakiwa kisheria kutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya vijana, iwakopeshe na wasanifu hawa.